Tiketi 1,300, mlango mmoja, na bendi ambayo hatukuisikia

Wale mnaopita hapa kila wiki mnajua kazi ya ukurasa huu: PHP, hifadhidata, na manung'uniko yangu ya kila siku kuhusu watu wasioweka nakala za data zao. Leo hakuna hayo. Leo nina hasira. Nilijipa siku tisa kabla ya kuandika ili ipoe, haikupoa, basi naandika hivyo hivyo.

Jambo lenyewe ni hili. Bendi ya roki, tena bendi kubwa, ambayo nimekuwa nikiisikiliza tangu nikiwa mwaka wa pili chuoni, ilikuja kupiga mjini Kisii. Si Nairobi. Kisii! Mimi ni mtoto wa Nyamira. Katika utoto wangu onyesho kubwa la muziki lilikuwa mashindano ya kwaya na spika mbili za kukodi zilizofungwa juu ya mti. Kwa hiyo nilipoona tangazo nilisoma mara tatu nikidhani ni utapeli.

Bendi sitaitaja kwa sababu haikukosa. Ukumbi na mwandalizi sitawataja kwa sababu sina pesa za wakili, na pia kwa sababu ninacholalamikia si ukumbi mmoja. Ni tabia, na tabia hiyo mimi pia nimo ndani yake. Nitafika huko, msiwe na haraka.

Nilikwenda na dadangu mdogo. Amemaliza kidato cha nne, anapiga gitaa, na amejifundisha mwenyewe kwa video za simu, usiku, akingoja ile bando ya bei nafuu. Nilitaka kumlipia tiketi akakataa. "Kaka, hii ya kwangu nitanunua mwenyewe." Alichuma majani chai mwezi mzima, akalipa shilingi 1,500 kwa M-Pesa, akaihifadhi ile meseji ya uthibitisho kama cheti cha kuzaliwa. Shilingi 1,500 za majani chai ni mgongo wa mtu, jamani.

Onyesho lilikuwa Jumamosi usiku. Wageni hawajui, lakini huku kwetu Wasabato ni wengi, na ukiweka tamasha Jumamosi mchana umejifungia mlango mwenyewe. Jua likazama, watu wakajaa. Ukumbi ni ule mnaoujua, hata kama si huo basi ni ndugu yake: kuta za mawe zilizopigwa plasta na kupakwa rangi ya mafuta, sakafu ya saruji, madirisha ya vioo, mabati juu bila dari. Niliupima kwa hatua tukiwa tunangoja, maana walichelewa saa mbili na nusu. Mita 40 hivi kwa urefu, 20 kwa upana.

Wimbo wa kwanza ulipoanza nilidhani kuna kitu kimeharibika. Kulikuwa na mngurumo, kisha mngurumo juu ya mngurumo, na mahali fulani ndani yake mtu akipiga kelele. Dadangu alikuwa amesimama mbele kabisa akiangalia mikono ya mpiga gitaa. Aliniambia baadaye kwamba aliyajua yale yote kwa macho. Aliona vidole vinakwenda wapi, akajua ni kodi gani inapigwa, lakini masikioni haikumfikia. Wimbo wa tatu maiki ikaanza kupiga filimbi. Wimbo wa tano mvua ikaja. Mnaijua mvua ya Kisii, haibishi hodi, na siku hiyo ilikuja na mawe. Mabati bila dari! Kwa dakika 20 tuliangalia watu wazima wanne wakiruka jukwaani kama televisheni iliyozimwa sauti. Mwimbaji alicheka, akaweka maiki chini, akakaa kwenye spika. Nilimpenda zaidi kwa hilo.

Sasa, niliporudi nyumbani nilisikia zile sababu zetu za kawaida. Eti watu wa huku hawajazoea roki. Eti spika zilikuwa ndogo. Eti muziki wenyewe ni kelele tu, ulitarajia nini? Hizi sababu zinaniudhi kuliko mvua, hasa ile ya kwanza, maana inamlaumu mteja. Hebu tufanye hesabu kama watu wa kompyuta.

Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde hewa ikiwa nyuzi joto 20. Ukisimama mita 5 kutoka jukwaani, ngoma inakufikia mara moja. Lakini sauti hiyo hiyo inakupita, inakwenda hadi ukuta wa nyuma, inagonga rangi ya mafuta na kurudi. Imetembea mita 75 badala ya 5. Tofauti ya mita 70 ni milisekunde 200 na ushei. Katika kazi yetu milisekunde 200 ni kitu cha kukesha. Ukurasa ukichelewa hivyo kwa kila ombi, mteja anapiga simu. Katika muziki ni mbaya zaidi. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika una pigo moja kila milisekunde 500. Kwa hiyo kila pigo la ngoma linafuatwa na kivuli chake kabla pigo la pili halijafika, karibu katikati lakini si katikati. Unasikia wapiga ngoma wawili, na wa pili amelewa.

Hilo ni ukuta mmoja tu. Zipo kuta nne, sakafu na mabati, na zote zinarushiana sauti kama mpira. Kanuni ya kukadiria mwangwi hudumu muda gani ipo tangu zaidi ya miaka 100 iliyopita, na haihitaji shahada. Chukua ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.161, gawanya kwa kiasi cha sauti ambacho nyuso zote zinameza. Ukumbi wetu, nikikadiria kimo cha wastani ni mita 8, una ujazo wa 6,400. Nyuso zake zote ni mita za mraba 2,560. Saruji, plasta na mabati humeza kidogo sana. Tuseme asilimia 5, na hapo nimekuwa mkarimu. Jibu ni sekunde 8. Yaani ukipiga makofi mara moja ukumbi ukiwa mtupu, unaweza kuhesabu taratibu hadi nane kabla hayajazimika kabisa. Chumba cha roki kinatakiwa kiwe karibu na sekunde moja.

Fundi wa sauti atakwambia, "Usijali, watu wakijaa itatulia." Na anasema kweli nusu. Watu ni sponji nzuri. Weka watu 1,300 mle ndani, kila mmoja na nguo zake na jaketi lake, na kwa hesabu yangu mwangwi unashuka hadi sekunde 1.5 hivi. Lakini hiyo ni kwa sauti za kati na za juu. Besi haijali jaketi lako. Tukisema mwili humeza besi nusu tu ya inavyomeza sauti nyingine, besi inabaki inanguruma sekunde 2.5. Katika ule wimbo wa mapigo 120, kila noti ya besi inakaa juu ya noti nyingine tano. Hapo ndipo mngurumo ulipotoka. Fundi akaongeza sauti ya mwimbaji ili asikike, maiki ikaanza kusikia spika zake yenyewe, ikapiga filimbi, akaipunguza, mwimbaji akapotea. Akaongeza tena. Huo ni mzunguko usio na mwisho, na kila mwenye kuandika programu anajua mzunguko wa namna hiyo unaishia wapi.

Kwa hiyo spika hazikuwa ndogo. Ukiwaletea spika kubwa zaidi chumba hicho unaongeza mngurumo. Ni kama kununua seva mpya ili kuficha ombi baya la hifadhidata (sina haja ya kuwataja, mnajijua).

Aliyetuachia hesabu hiyo ni Wallace Clement Sabine, mwalimu kijana wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 alipewa kazi ambayo wakubwa wake hawakuitaka: ukumbi mpya wa mihadhara wa jumba la makumbusho la Fogg ulikuwa hausikiki. Neno moja lilikaa hewani zaidi ya sekunde 5. Alikuwa na miaka 27 hivi, umri wangu huu. Unajua alifanya nini? Hakuwalaumu wanafunzi kwamba hawajazoea mihadhara. Usiku, mji ukilala, alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, akaitandika mle ndani, akapuliza bomba la kinanda na kupima kwa saa sekunde ngapi zinapita kabla ya kimya. Akaongeza mito, akapima tena. Akapunguza, akapima. Baadaye hesabu zake zilitumika kuujenga ukumbi wa Symphony Hall mjini Boston, uliofunguliwa mwaka 1900, na bado wanausifu. Mito ya viti! Daraja Mbili kila siku ya soko kuna marobota ya mitumba, mapazia mazito na mablanketi. Ninachosema si mzaha. Ukuta wa nyuma wa ukumbi ule, ukiufunika kwa mapazia mazito yaliyoachwa nafasi kidogo kutoka ukutani, yule mpiga ngoma mlevi anaondoka. Besi haitaondoka kwa mapazia, hiyo ni kazi ya dari na ya fundi anayejua kupunguza, lakini mwimbaji angesikika.

Sitaki mtu aniambie ni umaskini. Beatles walipiga Shea Stadium, New York, tarehe 15 Agosti 1965 mbele ya watu 55,000 na zaidi, sauti za waimbaji zikipitia vipaza vya uwanja, vile vya kutangazia mchezaji gani anaingia. Hawakujisikia wenyewe. Mwaka uliofuata, Agosti 1966, waliacha kabisa kufanya ziara. Wenye pesa zote za dunia walikosea kwa sababu hakuna aliyewahi kupanga sauti kwa umati ule. Lakini hiyo ilikuwa 1965! Walioanzia pale walijifunza. Leo spika za nyuma huwekwa katikati ya umati na kucheleweshwa makusudi. Zikiwa mita 20 kutoka jukwaani unazichelewesha milisekunde 58, zinaongea pamoja na zile za mbele kana kwamba sauti imetoka mahali pamoja. Mashine inayofanya hivyo si ya ajabu, hata meza nyingi za kidijitali za kuchanganyia sauti zinaweza. Ni mstari mmoja kwenye mipangilio. Kinachokosekana ni mtu wa kuja mchana, kabla ya watu, kupima.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Hakuna aliyepima. Bendi ilifika mjini jioni, barabara na mambo ya Kenya, vyombo vikafungwa watu wakiwa tayari ndani. Katika kazi yetu hiyo inaitwa kupeleka programu kwa wateja bila kuijaribu hata mara moja, Ijumaa jioni, kisha kuzima simu. Mtu anafukuzwa kazi kwa hilo. Katika tamasha anapongezwa kwa kuleta bendi kubwa mashinani.

Kuna kisa cha bendi ya Van Halen ambacho hupenda kuwasimulia wanafunzi wa mafunzo kazini. Mkataba wao wa mwaka 1982 ulidai bakuli la peremende za M&M's, na ya rangi ya kahawia isiwemo hata moja. Watu walicheka wakasema ni kiburi cha mastaa. Mwimbaji wao David Lee Roth alieleza baadaye katika kitabu chake cha mwaka 1997 kwamba ulikuwa mtego. Mkataba ulikuwa na kurasa nyingi za umeme, uzito wa jukwaa na nafasi za milango. Akiingia chumbani na kuona peremende ya kahawia, alijua mwandalizi hakusoma, na hapo wanakagua kila kitu upya. Hilo ni jaribio la programu, tena zuri. Bendi zetu ziombeni hata ndizi bila ganda, ilimradi mtu asome mkataba!

Sasa nifike kwangu.

Mfumo uliouza tiketi zile niliuandika mimi. Ni kazi ndogo: ukurasa, nambari ya kulipia, meseji inayorudi na nambari ya tiketi. Mkataba wetu ulisema ukumbi unachukua watu 700, nami nikaweka kikomo cha 700. Siku nne kabla ya onyesho zikaisha. Mwandalizi akanipigia simu akiwa na furaha kama ya harusi. "Injinia, ongeza kidogo hapo." Nikamuuliza kidogo ni ngapi. "Weka 1,300, hawatakuja wote." Nilifungua faili, nikafuta 700, nikaandika 1,300, nikahifadhi. Sekunde kumi. Sikuuliza milango ni mingapi. Nilikuwa nalipwa shilingi 40 kwa kila tiketi.

Milango ilikuwa miwili. Ule wa nyuma ulifungwa kwa mnyororo na kufuli ili watu wasiingie bure. Niliuona mvua ya mawe ilipoanza, watu wa madirishani wakarudi ndani wakisukumana na umeme ukapotea kidogo kabla jenereta haijashika. Watu 1,300 katika sakafu ile si wengi ukiwatawanya, ni kama wawili kwa mita moja ya mraba. Lakini watu hawatawanyiki, wanafuata jukwaa au mlango. Wanaosoma mambo ya umati husema ikipita watano kwa mita moja mtu hajiongozi tena, anabebwa. Kwa dakika mbili au tatu, gizani, pale mbele, nilimshika dadangu kwenye mkono wa jaketi na sikuweza kuinua mkono wangu mwingine. Nilikuwa nikifikiria ile faili. Hakuumia mtu. Taa zikarudi, watu wakacheka na kupiga miluzi, bendi ikaendelea. Tulipotoka nje mikono yangu ilikuwa bado inatetemeka, naye dadangu hakusema neno mpaka tulipopata gari la Nyamira. Ndipo akauliza, "Hivi ndivyo huwa? Au ni huku kwetu tu?"

Sikumjibu vizuri. Nilimwambia alale.

Jibu ni kwamba hata Nairobi si kila mahali pazuri, lakini Nairobi ukikasirika una pengine pa kwenda wiki ijayo. Sisi sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Watu karibu milioni 1.9, na sijawahi kuingia katika ukumbi mmoja wa kaunti hizi mbili ambao aliyeujenga alionekana kuwaza kwamba siku moja mtu atasikiliza kitu mle ndani. Na hatukosi muziki wala masikio. Obokano ina nyuzi nane na besi ambayo unaisikia kifuani bila umeme. Mzee huiweka chini, anakaa kwenye kigoda chake, uani, na uwanja wenyewe umekubaliana na chombo. Kwaya zetu zinaimba sauti nne ndani ya makanisa ya mabati na unasikia kila neno, kwa sababu mwalimu wa kwaya anajua kanisa lake. Anapunguza mwendo, anasimamisha besi pembeni, anafanya mazoezi humo humo. Wao wanapima! Hawaiti kupima, lakini ndiko.

Na kuna wa kuulizwa. Katiba ya mwaka 2010, Jedwali la Nne, inazipa kaunti mambo ya utamaduni na burudani ya umma, na pia udhibiti wa kelele. Kwa hiyo mwenye kibali ni kaunti. Kibali cha tamasha kinaweza kabisa kudai vitu vitatu: idadi ya watu iandikwe na isiguswe baada ya hapo, milango yote ifunguke kutoka ndani, na sauti ipimwe kabla watu hawajaingia. Kifungu cha 46 cha katiba hiyo hiyo kinampa mnunuzi haki ya huduma ya ubora unaofaa. Mkinunua simu isiyotoa sauti mnairudisha. Bendi isiyotoa sauti tunaipigia makofi kwa heshima, tunarudi nyumbani kwa boda boda, tumelowa.

Kurudisha pesa nako wasituambie ni kugumu. M-Pesa ipo tangu 2007. Kila tiketi ilinunuliwa kwa nambari ya simu, orodha yote ninayo, na hati ya kurudisha pesa kwa watu wote ni kazi ya mchana mmoja. Nilimwandikia mwandalizi hivyo. Alijibu kwa neno moja na alama za kucheka.

Basi nafanya kinachonihusu. Nimebadilisha mfumo: kikomo cha watu kikishawekwa hakipandi, hata mimi siwezi kukipandisha kwa kugusa faili, mpaka ipakiwe barua ya mwenye ukumbi yenye idadi ya watu na ya milango. Wateja wawili wameshaniambia nawazuia biashara. Na kama una tiketi ya usiku ule yenye nambari inayozidi 700, pesa zangu 40 zitaingia kwenye simu yako kufikia Ijumaa. Ni shilingi 24,000 kwa jumla, nimeshazitenga. Ukipata arobaini usizozijua usinipigie kuuliza ni za nini. Zile 1,460 zilizobaki siko nazo, nambari ya mwenye nazo iko nyuma ya tiketi yako.